Spana Iliyokuwa Bado Kwenye Nailoni

Haya, wale wa nyuma sogeeni. Benchi za mbele hazina miiba, na sauti yangu siku hizi inachoka kabla haijafika mlangoni. Mchungaji kasema leo ni siku ya akina mama, bibi atupe neno. Kusoma sikusomeshwa, mnanijua. Lakini mfano ninao, na mfano wenyewe ni wa gari. Msicheke. Mimi magari nimeanza kuyapanda zamani za malori ya pamba, tunakaa juu ya magunia, tunashuka weupe kama tumetoka mashine ya unga. Gari naijua kwa kuipanda na kwa kuishuka. Na leo nataka kuwaambia habari ya kushuka.

Kulikuwa na bwana mmoja, mpiga picha za harusi. Mtu mzima, ana mke, ana binti anaitwa Yusta, kwa hiyo mtaani alikuwa Baba Yusta, basi. Mama yake mzazi alikaa naye, chumba cha uani, mlango unatazamana na jiko. Na alikuwa na gari, ndogo, nyeupe. Ile haikuwa gari ya maonyesho, ilikuwa ya kila siku. Asubuhi inampeleka Yusta shule, mchana inakwenda studio, Ijumaa inabeba mataa na miguu ya kamera, na Jumapili, kiti cha mbele, kile cha kushoto, kilikuwa cha mama. Mama alikipanda kama mtu anayeingia kwake. Anageuza makalio, anakaa, anaingiza mguu mmoja, anaingiza na wa pili, anavuta kanga, anasema, "Twende, Bwana ametuamsha."

Sasa mnajua harusi za siku hizi. Lazima msafara. Magari yamefungwa maua, yanapiga honi mji mzima. Na ikaingia mtindo wa kushusha magari, gari inalala, tumbo linataka kubusu lami. Kwenye misafara ile gari zote zilikuwa za chini isipokuwa ya Baba Yusta. Wenzake hawakumwacha.

"Baba Yusta, gari yako imekunja suruali. Inavuka mto gani?"

"Mwacheni jamani, inaogopa umande."

Alicheka nao. Lakini kuna siku bibi harusi mmoja, tena kwa adabu, alimwomba aegeshe nyuma ya ukumbi ili ile gari isitokee kwenye picha. Hebu fikirini. Mpiga picha ni yeye, na gari yake haitakiwi pichani. Lile lilimwingia. Akarudi nyumbani anaitazama gari yake kama mtu anayeutazama mguu wake uliovimba.

Kesho yake akaenda kwa fundi. Fundi mwenyewe ya kwake ilikuwa chini hata kuku hawezi kupita uvunguni. Akamtolea vitu viwili, akaviweka juu ya gunia.

"Hizi ni spring fupi," fundi akasema. "Nakutolea zako ndefu, naweka hizi, gari inashuka, imekaa hapo. Umemaliza. Haina maneno mengi."

"Na hiki?"

"Hiki ni koilova. Shokapu na spring vimekuja mwili mmoja. Unaona hii ringi? Ina nyuzi ndani kama bolti. Na hii ndiyo spana yake. Ukizungusha huku, gari inapanda. Ukizungusha huku, inashuka."

Baba Yusta alikuwa mtu wa kutaka kujua. Akachuchumaa. Akaishika ile ringi, akaizungusha, ikaenda laini kama kifuniko cha chupa ya asali.

"Kwa hiyo naweza kuwa chini Jumamosi, na juu Jumapili?"

"Hata Ijumaa ukitaka. Ila nikwambie kama ndugu. Spring fupi ukiiweka unaisahau. Koilova haitaki kusahauliwa. Tope likikaa pale kwenye nyuzi, kutu ikaingia, inaganda. Izungushe mara kwa mara, hata kama huna shida nayo. Ifute, ipake grisi."

"Hilo dogo."

"Wote wanasema dogo," fundi akajibu, akafunga gunia lake.

Nyumbani akamweleza mkewe. Mke alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso.

"Na mama je?"

"Mama kafanyaje?"

"Yale magoti yake. Hata kwenye kigoda anainuka kwa kushika ukuta. Wewe unamnunulia gari ya kukaa kama kigoda, ataishuka vipi?"

"Mama Yusta, hapo ndipo hunijui. Ndiyo sababu sitaki spring fupi. Nachukua koilova. Jumamosi harusi ikiisha nachukua spana, napandisha. Jumapili mama anapanda gari yake ileile. Jumatatu nashusha."

"Utafanya hivyo?"

"Sasa nanunua spana ya nini?"

Mke akapuliza makapi. Mama mwenyewe hakuambiwa kitu. Mwanawe alisema moyoni, ataona mwenyewe Jumapili, atafurahi.

Basi koilova zikafungwa. Na kweli, ndugu zangu, gari ilipendeza. Hata mimi ningeigeukia. Msafara wa kwanza aliwekwa wa pili kutoka kwa maharusi. Wale waliomcheka wakapita wanaigonga boneti kwa viganja, wanasema, "Sasa ndiyo umevaa." Spana akaiweka kwenye buti, ndani ya nailoni yake, ili isichafuke.

Jumamosi ile harusi ilichelewa kuisha. Amechoka, amekula pilau, amesema, kesho mama atavumilia, Jumapili ijayo nitapandisha. Nani kati yetu hajawahi kulisema neno hilo? Jumapili ijayo. Jumapili ijayo ni mtu mwema sana, hajawahi kukataa mzigo.

Asubuhi mama akatoka na kitenge chake cha kanisani, kanga juu. Akaiona gari. Akaizunguka kidogo.

"Imeingia kwenye shimo?"

"Hapana mama, ndiyo fasheni."

"Aa. Haya."

Akageuza makalio kama kawaida, akakaa, lakini kiti hakikumngoja pale alipokizoea. Alidondoka kama gunia. Akasema, "Yesu wangu," akacheka, wakaenda. Pale kwenye tuta la shule ya msingi gari ikakwaruza tumbo, ikalia kwa sauti, mama akainua miguu kama anayekwepa maji.

Wakafika geti la kanisa. Nyuma magari mengine yanapiga honi, kwa hiyo mwana hakushuka, alibaki kwenye usukani. Mlango wa mama ukafunguliwa na mzee wa zamu, yule anayepokea watu getini. Baba Yusta akasikia mama anahema, anahangaika, akaona mgongo wa mzee wa zamu umeinama, kisha watu wakacheka kidogo pale nje, na mama naye akacheka. Mlango ukafungwa. Akaondoa gari akatafute pa kuegesha. Hakugeuka.

Jumapili iliyofuata aliwasha gari, akangoja. Mama akachungulia dirishani kwake.

"Nendeni tu, baba. Leo mwili hautaki."

Iliyofuata, mgongo. Nyingine, mama kasema atasali na redio. Kwaresima ikaingia, mvua zikashuka, kiti cha mbele cha kushoto kikaanza kubeba begi la kamera. Kule kanisani wakamuuliza, "Mama yuko wapi?" Akajibu, "Uzee." Lakini yeye mwenyewe jibu lile halikumtosha. Mama huyu alikuwa hakosi ibada. Alizikosa siku alizojifungua tu, na hata hapo alituma sadaka. Sasa amekuwaje? Amegombana na mtu? Akamuuliza mchungaji kama kuna ugomvi, mchungaji akashangaa, kasema hajasikia neno. Akamuuliza kiongozi wa akina mama, yule mama akamtazama usoni, akasema, "Muulize vizuri," akaenda zake.

Ndipo akaviona viatu.

Jumapili moja wamerudi kutoka ibada ya pili, jua linawaka, akapita uani. Kwenye ngazi ya mlango wa mama, viatu vyeusi, vile vya kanisani, vya kamba, vimeanikwa juani. Vina tope. Tope lenyewe jekundu. Akainama, akalikwangua kwa ukucha. Ua wao ulikuwa wa mchanga mweupe. Barabara ya kanisani ni kokoto. Tope jekundu mji mzima liko mahali pamoja tu, ile njia ya mkato nyuma ya mashine ya kusaga, inayokwea kilima.

Mama amelala mgonjwa, viatu vimekwenda wapi?

Akamwita mkewe. "Mama alitoka leo?"

"Mimi nilikuwa na wewe kanisani."

"Yusta, bibi alitoka?"

"Bibi alikuwa anasikiliza redio," Yusta akasema, akaangalia pembeni, mnajua watoto wanavyotunza siri za bibi.

Jumapili nyingine, viatu vimeoshwa, lakini kwenye pindo la kitenge pana doa jekundu. Sasa mtu wetu akawa hapati usingizi. Kule juu, karibu na ile njia, palikuwa pamefunguliwa kanisa la hema, wenye spika kubwa na nabii wao. Akasema, ndiyo hayo. Mama kahamia hemani. Mama ambaye kwenye hekalu letu alibeba mawe ya msingi kichwani, amechukuliwa na watu wa maji ya upako. Hakuogopa maneno ya watu tu. Aliona kama mama anamvuja kama maji ya mtungi, na hajui tundu liko wapi.

Jumapili ya mitende akaamka mapema, jogoo bado wanabishana. Akatazama uani. Mlango wa mama una kufuli. Kwa nje. Akachukua gari, akateremka hadi kwenye mashine ya kusaga. Pale njia ya mkato inaanza pana mfereji, na gari yake, kwa vile ilivyolala, isingeweza kuuvuka hata kwa maombi. Akaiacha, akapanda kwa miguu, viatu vyake vya ngozi vinazama.

Hakwenda mbali. Penye jiwe, katikati ya mpando, mama amekaa anahema. Fimbo mkono mmoja, tawi la mtende mkono mwingine. Kanga imefungwa kiunoni, imekazwa kwa fundo, tena fundo la mtu anayekwenda kulima.

Walitazamana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Mimi au wewe? Mama, unakwenda kwenye hema?"

"Hema gani?"

"Hawa wenye spika."

Mama alicheka hadi akashika ubavu. "Mimi kelele zile nitazifanyia nini, baba? Naenda kanisani. Kwetu, njia hii inatokea nyuma yake. Ibada ya kwanza. Nakwenda mapema, narudi mapema, wewe ukiwa unapiga mswaki nimeshakaa."

"Tangu lini?"

"Tangu hapo."

"Sasa mama, si ungepanda gari? Gari ipo. Kiti chako kipo."

Mama alichezea lile tawi. Alikuwa mtu asiyependa kumsema mwanawe, hata akiwa peke yake naye porini. Lakini mwana akakaa chini, kwenye tope lilelile, akangoja. Na mtu akikukalia chini hivyo, utamficha nini?

"Ile siku getini," mama akasema, "unajua ni nani aliyenifungulia mlango?"

"Mzee wa zamu."

"Mzee wa zamu siku ile alikuwa shemeji yako, mume wa dada yako. Mkwe wangu."

Hapo, ndugu zangu, mwenye mila ameshaelewa. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Wanasalimiana kwa mbali, huyu katazama kule na yule katazama kule. Binti yangu umemchukua, heshima yangu niachie.

"Nikanyanyuka, sikunyanyuka," mama akaendelea. "Magoti yamegoma. Nikanyanyuka tena, nikarudi chini. Magari yanapiga honi. Mkwe wa watu kasimama, jasho linamtoka, aniache ni dhambi, anishike ni aibu. Mwisho akanipa mkono. Akanivuta. Na kanga ikabaki kwenye kiti."

Mwana akafunika uso.

"Kitenge nilikuwa nacho, sikuwa uchi. Lakini nilisimama mbele ya mkwe wangu bila kanga, ananishika mikono miwili, watu wanatazama. Nikacheka ili yeye asilie. Sasa baba, mimi nimezaa, nimezika, nimelima. Siwezi kung'olewa kama muhogo kila Jumapili."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Gari yako umeitaka hivyo, na kazi yako inaitaka hivyo, na wenzako wamekusifia. Nitasema iharibu kwa ajili ya magoti yangu? Miguu ninayo. Ya polepole, lakini ninayo."

"Lakini mama," akasimama, karibu anacheka kwa uchungu, "gari inapanda! Ndiyo maana nilinunua zile za ghali. Ina ringi, ina spana yake. Nazungusha tu, inapanda kama zamani. Nilizinunua kwa ajili yako."

"Inapanda?"

"Inapanda, mama."

Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli, hakukuwa na kejeli hata chembe. Akauliza kama mtoto anavyouliza.

"Lini imepanda?"

Mwana akainama, akakwangua tope kwenye kiatu chake.

"Maana mimi nimeiona kila siku, baba. Nikiwa jikoni naiona, nikianika mboga naiona. Siku zote iko chini. Ningejuaje kwamba inapanda?"

Swali hilo nalirudisha kwenu baadaye. Liwekeni mfukoni.

Basi akamsindikiza. Wakaingia ibada ya kwanza wote wawili na matope yao, akakaa naye benchi ya nyuma kabisa, mahali alipokuwa hajui kama pana watu. Akageuza macho. Palikuwa na wazee wengi pale, na fimbo zao, na viatu vyao vyekundu kwa tope. Na kila mmoja, akawaza, ana mtu wa ibada ya pili mwenye gari au pikipiki. Akabaki na lile wazo hadi baraka.

Ibada ilipoisha akasema, "Mama, twende chini kwenye mashine. Nakuonyesha sasa hivi."

Wakateremka. Akafungua buti. Akaitoa spana. Inang'aa, imo ndani ya nailoni yake, na kile kikaratasi cha dukani bado kimebandikwa.

"Ndiyo hii?" mama akauliza.

"Ndiyo hii."

"Mbona mpya?"

Akapiga jeki, akapiga magoti kwenye tope na suruali ya kanisani, akaingiza mkono nyuma ya tairi. Ile ringi iliyokuwa laini kama kifuniko cha asali haikuonekana. Palikuwa na bonge la tope lililokauka. Akalivunja kwa kidole. Ndani, kutu. Akaweka spana, akavuta. Haikwenda. Akavuta kwa mikono miwili, akakaza meno, spana ikateleza, vidole vikachubuka. Akahamia gurudumu jingine. Vilevile. Mama kasimama pale na tawi lake la mtende.

"Acha, baba. Unaumia."

"Ngoja mama."

"Nitatembea tu. Nimeshazoea."

Ndugu zangu, kuna maneno ya hasira ambayo mtu anaweza kuyabeba. Lakini mtu akuambie kwa upole, nimeshazoea? Lile alishindwa kulibeba. Mama akaanza kwenda na fimbo yake, na mwana akabaki amepiga magoti kwenye tope, siku ya mitende, kashika spana mpya.

Siku iliyofuata akampelekea fundi gari. Fundi akachungulia, akatoa mlio wa ulimi.

"Uliwahi kuizungusha?"

"Hapana."

"Hata kwa kujaribu?"

"Nilijua ipo."

"Haya. Yenyewe haikujua kwamba wewe upo."

Akamwagia dizeli, akapasha moto, akagonga. Walishinda pale. Jioni ringi za upande wa kushoto, ya mbele na ya nyuma, zikalia, zikakubali. Za kulia zikakataa kabisa, nyuzi zimeliwa. Fundi akafuta mikono.

"Hizi za kulia mpaka zikatwe, tuagize nyingine zije. Sasa hizi za kushoto nizirudishe chini, gari ikae sawa?"

"Kushoto ni upande wa mama."

"Najua ni upande wa abiria. Nakuuliza, nizirudishe?"

"Zipandishe mpaka mwisho."

Fundi akamwangalia. "Baba Yusta, gari itachechemea. Itakwenda imeinamisha bega kama mtu aliyebeba ndoo. Na Jumamosi una harusi ya Kiislamu, nimesikia ni ya watu wakubwa."

"Itakwenda hivyo hivyo."

"Watakucheka mpaka wachoke."

"Mpandishie mama, fundi."

"Basi usikimbie. Kwenye kona nenda kama umebeba mayai."

Na harusini walimcheka, sitaki kuwadanganya. Msafarani aliondolewa kabisa, akaenda nyuma ya gari la vyombo vya muziki. Lakini Jumapili, ile ya Pasaka yenyewe, ibada ya pili, kanisa limejaa hadi nje, getini wamesimama watu wa kila namna na nguo mpya. Wakaiona gari nyeupe inakuja polepole, upande mmoja juu, upande mmoja chini, kama mbuzi aliyekanyaga mwiba. Kicheko kikaanza.

"Baba Yusta, gari imepata kiharusi?"

"Mleteeni kinyozi, amekata upande mmoja."

Safari hii alizima gari pale pale getini. Honi zikalia nyuma yake, hakuzisikia. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa kushoto. Hakumpa mama mkono. Alisimama tu kando, kwa sababu kiti kilikuwa juu, pale pale mama alipokizoea. Mama akatoa mguu mmoja. Akatoa wa pili. Akasimama mwenyewe. Kanga begani, imetulia. Akaishika pindo, akaivuta kidogo, si kwa sababu imelegea, kwa furaha tu.

Na mkwe alikuwa zamu. Alipomwona, aliirudisha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, akainamisha kichwa, akatazama kule. "Shikamoo mama," akasema kwa mbali. Mama naye akatazama kule. "Marahaba, mwanangu." Kila mtu akawa amerudishiwa chake.

Watu walikuwa wanaendelea kucheka. Lakini walikuwa wanamcheka nani sasa? Mzigo wa mwenzio kanda la sufi, mwepesi ukiwa begani kwake, waliosema walisema. Yule bwana ndiyo kwanza siku hiyo alilibeba kanda lenyewe akajua uzito wake.

Sasa nageuka kwetu. Mfano umekwisha kwa yule, haujaisha kwa sisi.

Mtu wa spring fupi mimi sina ugomvi naye sana. Yuko chini, watu wanajua yuko chini, hawamtegemei. Anayenitisha ni huyu wa koilova. Na huyo ni sisi. Sisi tuliopewa uwezo wa kubadilika kwa ajili ya mwenzetu, tukauweka kwenye buti ndani ya nailoni. Baba anasema, mimi pombe nikitaka naacha. Lini umeacha? Mama mwenye nyumba anasema, mimi sina neno na mkamwana wangu, akija kunieleza nitamsikiliza. Lini umemsikiliza? Wazee wa kanisa, na nyinyi, mnasema, mlango wetu uko wazi. Nani amewahi kuuona wazi? Wenzetu wako jikoni, wanaanika mboga, wanatutazama kila siku, na kila siku tuko pale pale. Wangejuaje kwamba tunapanda?

Tunakasirika wakitukimbia. Tunasema, kwa nini hukuniambia? Hakukwambia kwa sababu anakupenda, na ameshazoea. Amekaza kanga yake kwa fundo, amepita njia ya tope.

Na msiniambie, bibi, Jumapili ijayo. Tope haliijui Jumapili ijayo, kazi yake ni kukauka tu. Ukikuta ringi mbili zimekubali na mbili zimekataa, usingoje gari ikae sawa ili upendeze. Pandisha upande wa mwenzio, uje hivyo hivyo unachechemea, tukucheke. Mungu hajawahi kuulizia gari iliyosimama sawa.

Leo mkifika nyumbani, kabla ya chakula, msiende kwenye kioo. Nendeni kwenye mlango wa yule anayesema mwili hautaki. Inameni, mtazame viatu vyake. Vina tope la njia gani?

Nimemaliza. Nishikeni nishuke ngazi hii, magoti haya si ya jana. Si wewe, mkwe. Wewe kaa huko huko, tumeshasalimiana.